Kikohozi cha Yapsiwa

Usiku wa kuamkia leo niliota Mlima Elgon umeingia jikoni kwangu, umekaa kwenye kigoda, unaota moto. Haukuwa umepungua. Jiko ndilo lililokuwa limepanuka kidogo.

"Karibu," nikauambia, maana mgeni ni mgeni.

"Mdogo wako Yapsiwa anakohoa," mlima ukasema. "Upande wangu wa Uganda haulali. Sasa hata huu wa Kenya umeanza kunung'unika."

Habari ya Yapsiwa nilikuwa nayo. Aliolewa ng'ambo ya mlima, na tangu mvua zianze yuko kitandani, hali, hanywi. Miguu yangu hainifikishi tena kwake. Basi nikatungua kibuyu cha maziwa ukutani, nikauliza njia.

"Pitia hapa," mlima ukasema, ukafungua kinywa.

Ninaingia. Ndani ni lile pango tulimokuwa tukipeleka ng'ombe kulamba chumvi tulipokuwa wasichana. Ng'ombe wa marehemu baba wote wamo, wanalamba ukuta. Hakuna anayenigeukia. Katikati umelala mpaka wa Kenya na Uganda. Ni mrefu, una unyevu, na unapumua.

"Umebeba nini?" mpaka unauliza.

"Maziwa ya mgonjwa."

"Maziwa yavuke. Wewe baki. Ila niambie, kwenu chombo cha jirani hurudishwa kitupu?"

"Hata siku moja!" nikasema, nimeudhika kidogo. "Sisi tulilelewa."

"Haya. Nimesikia."

Kibuyu kikashuka mikononi mwangu, kikaenda chenyewe kwa miguu ya kuku. Nasikia mtu anakunywa gizani, halafu sauti ya Yapsiwa, ile ya utotoni.

"Dada, asante. Lakini nitakirudisha na nini? Ghalani hamna hata punje."

"Kirudishe hivyo hivyo, wewe! Nani amekudai?"

"Mama atanichapa."

Mama tulimzika zamani. Hata hivyo, huko nyuma ya Yapsiwa, mtu akasafisha koo vile Mama alivyokuwa akisafisha kabla ya kuchukua fimbo.

Kibuyu kikarudi, kizito. Nikakitikisa. Ndani kitu kikakohoa.

"Amekutilia alicho nacho," mpaka ukasema. "Ukikimwaga, kitarudi kwa mwenyewe. Ukikinywa, ni chako."

"Kina ladha gani?" nikakiuliza kibuyu.

"Chumvi chumvi," kikajibu kwa aibu.

Ng'ombe wote wakaacha kulamba, wakanitazama. Nikanywa mpaka tone la mwisho.

Nikaamka kumekucha. Kibuyu kilikuwa kwenye msumari wake, kitupu, na jana jioni nilikijaza kwa mikono yangu. Simu ikalia. Alikuwa Chelimo, binti wa Yapsiwa.

"Mama mkubwa! Mama ameketi, anadai uji! Tangu alfajiri hajakohoa hata kidogo. Ila bado anaweweseka, eti nikuulize kama kibuyu kimefika."

"Mwambie kimefika."

"Kibuyu gani tena, mama mkubwa?"

"Wewe mwambie tu. Mwambie hakuna wa kumchapa."

"Mbona sauti yako inakwaruza?"

"Ni moshi wa kuni, mwanangu. Kampikie mama yako uji."

Nikakata simu upesi, asije akasikia. Nikapangusa midomo kwa kiganja, nikaonja. Chumvi.

Ndipo nikakohoa.