Kilomita za Gari Jekundu

Jumanne saa nne asubuhi Onesphory alimwachia mkewe Celina duka la mabeseni la Mtaa wa Sikukuu, akaenda mtaa wa Gerezani, kwenye gereji, kumwonyesha fundi gari alilotaka kununua. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili. Lilikuwa limetumika Japani na baadaye likatumika Dar, ingawa hiyo sehemu ya pili mwenye gari hakupenda kuigusia. Dashibodi ilisoma kilomita elfu arobaini na nane.

Onesphory alikuwa na miaka arobaini na sita na sababu yake ilikuwa moja tu. Krismasi iliyopita gari lao lilizimika Segera, wakafika kwao Kibosho tarehe ishirini na sita, mbuzi wa ndafu ameshaliwa, na mama yake ameshawaambia majirani kuwa huenda mwanawe mambo yamemwendea kombo huko mjini. Mwaka huu alitaka kufika mkesha, na mngurumo usikike tangu kwenye migomba ya chini.

Celina hakuwahi kupungukiwa maneno. "Gari la watu wawili, na sisi tuko watano. Watoto utawafunga kwenye boneti?"

"Watapanda basi."

"Basi na sisi tupande basi."

Fundi Muaz aliweka kiganja juu ya injini kabla ya jambo lingine lolote. Ilikuwa ya moto. Mwenye gari kaliwasha mapema, alisema, na gari husema kweli likiwashwa la baridi. Alifungua kifuniko cha oili, akakuta utando mweupe kama maziwa, maana yake maji yameanza kuingia. Sumaku yake ilishika mlango wa kulia, wa kushoto ikaanguka, kwa kuwa ule ulikuwa puti tupu na rangi, bila bati. Mwisho aliinama chini ya usukani, akatazama pedali ya breki. Mpira ulikuwa umelika hadi chuma.

"Elfu arobaini na nane haziwezi kula mpira namna hii," alisema. "Hapa zimefutwa kama laki moja na arobaini elfu."

"Zimeenda wapi?"

"Haziendi mahali. Zinamsubiri mnunuzi."

Alieleza kwa sauti ileile aliyoelezea oili. Kilomita zikifutwa kwenye dashibodi humwingia mwilini yule atakayenunua akiiamini namba. Gerezani jambo hili linajulikana, kama linavyojulikana kuwa betri kuukuu haifai. Muaz alimwonyesha kwa kidole muuza kahawa aliyepinda mgongo ng'ambo ya barabara. "Yule Mwinyimvua ana miaka thelathini na mbili. Alinunua lori."

Onesphory alimshukuru, akamlipa, akarudi kwa mwenye gari, Ansbert, aliyekuwa akimsubiri kivulini, kijana wa sura kwa mwanamume wa miaka hamsini.

"Mangi," Ansbert alisema, akimshika bega, "mimi na wewe tumebatizwa kanisa moja. Nikikudanganya, mama yako nitamtazama na macho gani?"

Hapo ndipo Onesphory alipopotea, na hakupotea peke yake. Mtu wa Kibosho akiuziwa shati na mgeni atahesabu vifungo mpaka vya akiba. Akiuziwa gari na mtu wa nyumbani, anauliza kama mvua imenyesha. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anataka kuvua nguo Gerezani saa sita mchana? Aliiamini namba, akatia saini.

Kilomita zilimwingia Alhamisi, wakati anateremsha furushi la mabeseni. Zilianza magotini, zikapanda kiunoni, kisha nywele zikawa nyeupe kutoka mbele kwenda nyuma, kama ukuta unaopakwa chokaa. Ilipofika alasiri alikuwa akikohoa moshi kidogo wa buluu. Celina alimletea kiti.

Gari lenyewe lilikwenda vizuri ajabu, maana uzee wake ulikuwa umehamia kwingine. Tatizo lilikuwa kushuka. Viti vya spoti viko chini, na pale Mnazi Mmoja walihitajika wapita njia wawili kumvuta Onesphory, mmoja kila mkono.

"Utafika mkesha," Celina alimwambia. "Ila mama yako ataniuliza mumeo yuko wapi, na huyu mzee umemwokota wapi."

Onesphory hakucheka. Aliogopa, na aliona aibu kuliko alivyoogopa. Alijikongoja hadi kwa Muaz.

"Naweza kuirudisha namba ya kweli," Muaz alisema. "Dakika kumi tu. Kilomita zitarudi kwenye gari, na wewe utapona. Ila hutapata wa kulinunua, na halitavuka Chalinze."

Onesphory alikwenda pia kwa Ansbert, amkaripie. Ansbert alimpa soda na pole ya dhati. "Na mimi niliuziwa hivyo hivyo, mangi. Miezi minne nilitembelea fimbo. Tafuta mtu wa nyumbani."

Jumapili baada ya misa alikuja Jovin, miaka ishirini na sita, mtoto wa jirani yao kule Kibosho, anayeuza simu Mtaa wa Aggrey. Alikuwa akitafuta gari la kwendea posa. Alilizunguka lile jekundu mara tatu, akilipapasa.

"Shikamoo, mzee. Hizi kilomita ni za kweli?"

Celina alisimama mlangoni, amekumbatia beseni, akimtazama mumewe. Onesphory aliyaona magoti ya kijana ndani ya jinzi, magoti mazuri, yaliyonyooka. Alimhurumia kweli.

"Marahaba," alisema. "Baba yako ni kama ndugu yangu. Ninaweza kukufanyia ubaya, mwanangu?"

Jovin alitabasamu, akatia saini juu ya kaunta. Celina aliliweka beseni chini taratibu, akaingia ndani, na siku ile hakusema neno jingine.

Jumatano Onesphory aliamka na nywele nyeusi. Alipanda ngazi ya stoo bila kushika ukuta, akapiga mluzi, akaacha alipoona hakuna anayemwitikia.

Ijumaa saa tano mzee mmoja aliingia dukani polepole, ameshika kiuno, kichwa chote cheupe. Onesphory alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, baba," alisema, kabla hajamtambua.

"Marahaba," Jovin aliitikia, kwani hakuwa na nguvu za kubishana. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akakohoa, moshi ukatoka. Kisha akauliza kama yupo mtu wa nyumbani anayetafuta gari.

Onesphory akatoa simu, wakaanza kupitia majina pamoja.