Bado Gramu Mia

"Nyanyua tena, shemeji. Polepole."

Mwindaji aliiweka bunduki begani, shavu likalalia kitako, jicho likatafuta msumari ukutani mwa karakana. Mtutu ulisimama kwa pumzi tatu, kisha ukaanza kuinama, kama shingo ya mtu anayesinzia ibadani.

"Bado nzito," alisema akihema. "Umenitengenezea nguzo ya umeme."

"Nguzo gani? Kilo mbili na nusu! Ile yako ya zamani ilikuwa nne, na ulipanda nayo mlima ukipiga mluzi."

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa mwalimu wa historia."

Walicheka. Kicheko cha mwindaji kikageuka kikohozi, na fundi akazigeukia tupa zake ili asiione leso.

Ilikuwa Alhamisi ya sita. Kila Alhamisi mwindaji, mume wa dada yake fundi, alikuja kupimwa bunduki ya kupanda nayo mlimani kwa mara ya mwisho. Fundi alikuwa amefupisha mtutu, ametoboa mpini wa komeo la kusukumia risasi, amekichimba kitako kwa ndani mpaka kikawa kama kibuyu. Lakini kila alipopunguza mbao, mwenye bunduki alikuwa amepungua zaidi. Na wote wawili walijua kwamba bunduki ikiwa nyepesi, teke lake begani huzidi. Hii ingemvunja mfupa wa mtulinga kwa risasi moja.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi ya tatu.

"Kaka, kazi usiikatae," dada yake alikuwa amemwambia, amesimama palepale mlangoni. "Ila usiimalize. Daktari hana la kufanya tena. Lakini kila Jumatano jioni mume wangu ananyoa ndevu. Anakula. Mwachie hiyo Alhamisi yake."

Fundi hakuwahi kumdanganya mtu juu ya kazi. Kila asubuhi aliomba kabla ya kushika patasi, na sasa sala ilimkwama katikati, kama msumeno kwenye fundo la mti.

"Imebaki kiasi gani?" mwindaji aliuliza.

"Gramu mia hivi."

"Utazitoa wapi?"

Mwindaji akakigonga kitako kwa kifundo cha kidole. Kililia kitupu.

"Humu hamna mbao tena, shemeji."

"Hamna," fundi alisema.

"Ni dada yako aliyekuomba usiimalize, siyo?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mwindaji aliitazama bunduki kwa muda mrefu, akalivuta komeo, akalirudisha taratibu, akaitundika mwenyewe kwenye ndoano yake.

"Mwambie bado gramu mia," alisema. "Na mimi nitamwambia hivyohivyo. Alhamisi nitakuja tuzitoe."

Alhamisi fundi alifagia mapema. Akaweka kiti karibu na mlango, akafuta vumbi la mbao kwenye egemeo lake. Jua lilipita juu ya paa, likaanza kuingia kwa upande wa pili, na kiti kilikuwa bado kitupu.

Akaishusha bunduki, akaiweka begani mwake. Kwake ilikuwa fupi kwa vidole viwili. Mtutu ulisimama tuli, haukuinama hata kidogo.

Aliilaza juu ya meza, akachukua msasa mwororo kuliko yote, akaanza kusugua pale shavu linapolala, kwa uzito wa vidole tu, asije akapunguza kitu.