Mwanga Uliomwagika Kajificheni

Jumanne moja, saa ambayo wanawake wa Kajificheni huchambua mchele, mwanga ulianza kuteremka ngazi za nyumba ya Bi Mwatima, kipandio baada ya kipandio, ukatoka mlangoni na kutuama uchochoroni. Jirani mmoja aliukanyaga bila kukusudia, akafuta viatu kizingitini kwake, akaendelea na safari yake ya sokoni. Mwaka ule mchele wenyewe ulipatikana kwa foleni, na mwenye foleni mbele yake hakuwa na nafasi ya kusimama kuuliza habari za mwanga.

Mwatima alikuwa orofani na fagio mkononi, anajitahidi kuurudisha ndani. Alijua vizuri ulikotoka.

Mumewe, Mkadam, alikuwa fundi wa miwani. Jioni alizoea kuyeyusha vioo vilivyovunjika juu ya jiko la makaa na kuvivuta mpaka vikawa uzi, mwembamba kama unywele, unaoweza kuzungushwa kidoleni. Ncha moja ikiwekwa juani, mwanga uliingia na kutokea ncha ya pili, hata uzi ukipinda kona. Jiko lao halikuwa na dirisha, basi Mwatima aliutumia uzi huo kutazama kama vitunguu vimebadilika rangi. Alimwambia mumewe kwamba angenunua kandili ingekuwa kazi rahisi zaidi.

Kisha Mkadam alimtengenezea miwani mtu mmoja, na wiki ile ile mtu huyo akatorokea Mombasa. Ikasemwa kwamba bila ya miwani ile asingeiona njia. Mkadam akachukuliwa, akatiwa katika chumba kisicho na dirisha, ndani ya nyumba isiyo na kibao upande wa pili wa uchochoro. Hakushitakiwa wala hakuhukumiwa. Watu waliokuwa wametoka humo walitoka macho yamekufa, wakiongozwa kwa mkono, na macho ndiyo yaliyokuwa kazi ya Mkadam. Mwatima aliliogopa jambo hilo kuliko mauti, maana mauti angalau hutangazwa msikitini.

Ndipo alipoupitisha uzi wa kioo juu ya kamba ya nguo, akauficha kwa kanga, na kuusukuma kwa mwanzi mpaka ukaingia katika tundu la hewa la chumba cha mumewe. Lakini dirisha la chumbani kwake orofani lilikuwa pana na uzi mwembamba. Mwanga ulifika mdomoni mwa uzi, ukaingia kidogo tu, na wote uliobaki ukaanguka sakafuni na kushika njia ya ngazi.

Shaame, askari wa zamu katika nyumba ile isiyo na kibao, mtu wa Jambiani, alikuja akasimama mlangoni na kutazama pembeni.

"Mumeo kasema, unga."

Mwatima alifunga buibui akaenda kupanga foleni ya unga, akarudi na mfuko mdogo, akapika mikate na kumpa Shaame aipeleke. Shaame akarudi na neno lile lile. Mwatima akaenda kwa shangazi yake Mtoni, akamwomba unga wake, akapika tena, mara hii akatia na siagi. Alisikitika kwamba mwanamume aliyekuwa akila kidogo sasa ameshikwa na njaa kiasi hicho.

Huku nyuma mwanga uliendelea kumwagika. Ulifika mpaka kwenye ukuta wa ile nyumba isiyo na kibao, ukapanda kidogo juu ya chokaa, na yeyote mwenye akili angeweza kuufuata kurudi ulikotoka. Pandu, kijana wa doria, alikuwa nazo akili za kutosha. Alikuja adhuhuri, viatu vyake vinang'aa mpaka kwenye vifundo, akaita kutoka chini.

"Bi Mwatima, ngazi zako zinavuja."

Mwatima akajibu kwamba anajua, fundi hayupo.

"Nnakwenda kula. Ikifika laasiri bado zinavuja, ntapanda mwenyewe nione."

Akipanda angeuona uzi, na uzi ungemfikisha kwa Mkadam. Mwatima aliingia jikoni, kwa kuwa hakujua pengine pa kuingia, akaanza kuunga mchuzi kwa tui la nazi. Hapo Shaame akatokea kwa mara ya tatu, jasho linamtoka.

"Mkate kaurudisha. Kasema unga, halafu kafanya hivi," akasema, na akagusanisha ncha za vidole vyake viwili.

Mwatima akatazama vidole vile, akatazama upawa alioushika. Mumewe hakuwa akiomba unga wa kula. Alikuwa akimwambia aunge. Akacheka, kisha akalia, maana muda wote huo alikuwa akimlisha mikate mtu aliyekuwa akimwelekeza kazi.

Juu ya mtungi wa achari palikuwa na pande la kioo alilolikuta kwenye meza ya Mkadam, pana kama kisahani upande mmoja, likipungua taratibu mpaka upande wa pili likawa jembamba sawasawa na uzi. Yeye alilifanya la kukandamizia kifuniko. Akaliosha, akaliegemeza upande mpana dirishani. Ncha zote mbili, ya kioo na ya uzi, akazisugua kwa jivu laini mpaka zikateleza. Akazikutanisha, na mwanga ukazidi kumwagika pale pale zilipokutana. Akachovya kidole katika mafuta ya nazi, akatia tone katikati. Ukapungua. Chini, viatu vya Pandu vilikuwa vimeshafika kwenye ngazi.

Mwatima akazuia pumzi, akausogeza uzi kidogo kushoto. Akausogeza tena, kidogo kuliko mara ya kwanza.

Mwanga ukasita. Halafu ukageuka, ukapanda ngazi kurudi juu, ukapita baina ya miguu ya Pandu, ukaingia chumbani na kumalizikia ndani ya kioo. Dirisha lilikuwa wazi na jua linawaka, lakini chumbani kukawa giza tupu. Pandu alisimama mlangoni akipapasa fremu.

"Umeziba?"

"Nshaziba."

"Ungefanya mapema," akasema, akashuka akishika ukuta.

Tangu hapo Mwatima alipika na kushona kwa kupapasa, na alikuwa na furaha. Mchana ulikuwa umehamia ng'ambo ya pili, kwa mwenyewe.

Kisha Shaame akaja tena, na mara hii akakaa.

"Wakubwa washaona," alisema. "Hawakukasirika. Wamesema chumba kile sasa kina mwanga, hakifai tena kwa mahabusu. Kaingizwa karani na meza yake."

"Na Mkadam?"

"Kahamishiwa cha nyuma yake. Kile hakina hata tundu."

Mwatima akauliza kama anaweza kuuondoa uzi. Shaame akajibu kwa upole kwamba uzi ukiondoka wataulizana nani aliuweka, na Mkadam ndiye atakayeulizwa. Tena karani analalamika: baada ya laasiri mwanga unafifia, haoni kuandika. Ameagiza kioo kifutwe vizuri.

Kesho yake asubuhi Mwatima akakifuta kioo, akatia tone jipya la mafuta, akausogeza uzi mpaka hapakumwagika hata chembe. Kisha akakaa. Sasa walikuwa gizani wote wawili, yeye na mumewe, na karani anaona vizuri.