Duara la Mkono wa Kushoto

Dada yangu aliniomba nidanganye kwa kamera. Hakulitamka neno lenyewe. Alisema tu, "Mdogo wangu, leo piga zile za haraka. Za taratibu achana nazo."

Tulikuwa kwenye ua wa nyuma wa ghala ambalo kundi lao hufanyia mazoezi. Kuta mbili ndefu zisizopakwa rangi, sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, na ndoo mbili za maji kando ya mlango. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa lakini anga lilikuwa bado na bluu. Hiyo ndiyo saa ninayoitaka. Giza likiwa totoro, moto unaonekana kama umening'inia hewani bila mwenyewe. Bluu hiyo ikiwepo, mtu anapata mabega, shingo na kichwa. Ila haikai. Dakika ishirini, imekwenda.

Dada ni mcheza moto. Anashika minyororo miwili, mmoja kila mkono, na mwishoni mwa kila mnyororo kuna bonge la utambi lenye ukubwa wa ngumi. Mabonge yanachovywa kwenye mafuta ya taa, yanakung'utwa yasidondoshe, yanawashwa, naye anayazungusha mpaka mtazamaji anasahau kufumba mdomo. Kwenye kundi wanamwita Cheche. Mimi nafanya kazi studio, picha za pasipoti na za harusi, na mwenye studio huniazima kamera tukishafunga. Kitabu cha maelekezo ya kamera kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua, kwa hiyo nimejifunza kwa kutazama na kwa kukosea. Nimekosea sana.

Nilijua kwa nini hataki za taratibu. Ukipiga haraka, moto unaganda. Unapata ulimi wa moto, macho ya mchezaji, hata jasho kwenye mdomo wa juu. Picha nzuri, lakini haisemi mkono ulifanya nini. Ukiiacha kamera wazi kwa sekunde mbili, bonge lenyewe halionekani kabisa, inabaki njia liliyopita, mstari wa dhahabu. Mkono ukienda vizuri, mstari unakuwa duara. Mkono ukiyumba, unajichora ukiyumba.

Na dada alikuwa amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alianguka kwenye ngazi za jukwaa, akiwa hana hata moto, amebeba chai. Plasta ilitolewa wiki tano zilizopita, na daktari alisema mfupa umeunga. Lakini mkuu wa kundi hakuridhika. Tunamwita Mzee Ndevu kwa sababu hana. Moto ulizinyoa miaka hiyo na tangu siku ile zinaota kwa mafungu kama nyasi za uwanja wa mpira. Kundi lilikuwa linasafiri baada ya wiki mbili, kwa miezi minne, na mtu wa kusimama mbele alikuwa bado hajatajwa.

"Niletee maduara mawili," alikuwa amemwambia dada, mimi nikisikia. "Kwa macho yangu tu siamini tena, moto unanikoroga. Nionyeshe kwenye picha. Nikiyaona mawili mazima, unaondoka na sisi. Nisipoyaona, unabaki nyumbani unapumzika. Sitaki bonge liruke likatue kwenye mapaja ya mama wa watu."

Sasa alikuwa amesimama karibu na ukuta, blanketi bichi begani, tayari kumzima dada kama lolote lingetokea.

"Vipi, binti, mbona hiyo kamera inavishwa kama bibi harusi?" akaniuliza.

"Nasubiri dada asimame mahali pake, mzee."

Dada alisimama kwenye alama niliyoichora kwa chaki. Nilimulika vidole vyake kwa tochi nikarekebisha lenzi mpaka kucha zikaonekana moja moja, kisha nikaibana pete ya lenzi kwa utepe wa gundi isisogee. Ukiiachia kamera itafute yenyewe, moto ukiwaka inahangaika mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza funguo. Flashi niliizima kabisa. Mara ya kwanza kumpiga picha dada niliisahau, ikamwakia usoni katikati ya mzunguko, akakaa nusu dakika haoni kitu huku moto unampita masikioni. Hakunigombeza. Alitapika tu.

"Za haraka," akaninong'oneza tena, akijifanya ananirekebishia ukosi.

"Dada, kwani mkono unauma?"

"Hauumi. Unavuta. Kila mzunguko kuna mahali unavuta, kama mtu ananishika kidole." Akatazama kando. "Usimwambie. Nikikaa miezi minne bila kucheza, sirudi tena. Najijua."

Nyumbani nilikuwa nimemsikia bafuni, maji yakimwagika muda mrefu kuliko mtu anavyooga, naye akivuta kamasi. Nilikuwa nimejiambia ni mafua.

Akawasha. Mabonge yalivuma, ule mvumo wa shuka linalokung'utwa, na ua wote ukawa wa rangi ya chungwa. Nilipiga za haraka kumi, kumi na mbili. Alikuwa mzuri, wallahi. Halafu kidole changu chenyewe kikageuza kile kigurudumu cha kasi cha kamera, sikukiagiza. Nikapiga za taratibu nne.

Alipozima nikainamia kioo cha kamera. Alikuwa amenielekea wakati wa kucheza, kwa hiyo mkono wake wa kushoto uko kulia kwa picha. Duara la upande wa pili lilikuwa zima, ungedhani limechorwa kwa bakuli. La mkono wa kushoto lilikuwa na bonyeo chini, kama yai lililogongwa.

"Haya, lete tuone," akasema Mzee Ndevu, akianza kuja.

"Bado, mzee! Naomba kidogo."

"Kidogo ya nini? Picha si mchuzi."

Niliziangalia zote nne, nikazikuza, nikarudi ya kwanza. Bonyeo lilikuwa palepale. Kila mzunguko, kila picha, mahali pamoja, na kubwa kiasi kilekile. Hapo nikatulia. Mimi nimebeba ndoo za maji tangu nikiwa mdogo, najua mkono uliochoka unavyofanya. Unayumba huku, unayumba kule, mara unajikaza, mara unalegea. Haukosei mahali pamoja kama msumari.

"Dada," nikamwita. "Badilisha minyororo. Wa kushoto shika kulia, wa kulia shika kushoto."

Wote wawili walinikodolea macho kama nimewaambia wavae viatu kichwani.

"Haibadilishwi," akasema dada.

"Kwa nini?"

"Haibadilishwi tu. Huu ni wa kushoto." Akanionyesha uzi mwekundu aliousokota kwenye mshikio. "Miaka sita ni wa kushoto. Mkono umeuzoea."

"Kila mcheza moto ana wa kulia na wa kushoto," Mzee Ndevu akaongeza. "Hata mimi. Ukibadilisha unacheza kama umevaa suruali ya mtu mwingine."

"Basi avae kidogo tu, mzee. Mizunguko kumi. Bluu inaisha."

Walitazamana. Nadhani ni kwa sababu sina kawaida ya kubishana ndiyo maana walikubali. Dada akachovya, akakung'uta, akahamisha mshikio wenye uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia, akishika kwa ncha za vidole kama anashika panya. Mzee Ndevu akasogea na blanketi lake. Nikabonyeza, nikahesabu moja, mbili. Nikabonyeza tena.

Picha ilipotokea kwenye kioo sikuelewa mara moja. Ilibidi nigeuke nimtazame dada, nirudi kwenye kioo, nijinyooshee mikono yangu mwenyewe kama mtoto wa chekechea. Kulia kwa picha, yaani mkono wa kushoto, mkono uliovunjika: duara zima. Lile bonyeo lilikuwa limehama. Lilikuwa limeufuata mnyororo.

"Si mkono," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Dada, si mkono wako! Zima!"

Mzee Ndevu alimfikia kabla hajazima. Akautwaa mnyororo wa uzi mwekundu, akaumwagia maji, akaupitisha pete kwa pete kati ya vidole. Alipofika karibu na mshikio, pale penye kile kichuma kidogo kinachozunguka ili mnyororo usijisokote, akasimama. Akakipinda kwenye mwanga wa tochi yangu. Kikagoma, halafu kikaruka, tak, halafu kikagoma tena. Ndani yake pini ilikuwa imelika upande mmoja, imebaki nyembamba kama sindano.

Akaivuta kwa vidole viwili. Ikakatika.

Bonge likaanguka na mnyororo wake kwenye saruji, likabingirika kidogo, likatulia. Nilijua sote tunawaza jambo lilelile, lile bonge likiwa linawaka, na viti mbele yake, na watu kwenye viti.

"Mama yangu," akasema Mzee Ndevu taratibu. "Na mimi nilikuwa naukagua mkono."

Dada alikuwa amejikalia chini, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Alikuwa anakizungusha kifundo cha mkono, huku, kule, huku tena, akikisikiliza.

"Hauvuti," akasema. Akatucheka sisi au akajicheka yeye, sijui, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Jamani, hauvuti! Wiki tano nalala nimeukumbatia kama mgonjwa, kumbe mzima!"

"Wiki tano na hukusema," Mzee Ndevu akafoka, lakini kufoka kwenyewe kulikuwa hakuna meno. "Cheche, ningekupiga makofi, ila umri tu unanizuia. Ungeniambia unavuta, ningeuangalia mnyororo siku ileile."

"Ungeuangalia mkono, mzee."

"Ningeuangalia mkono," akakubali. "Nyanyuka. Kesho minyororo ya kundi zima naifungua, pini moja moja. Na wewe anza kupanga begi lako."

Dada hakunyanyuka. Ilibidi nimvute, naye akaniegemea kwa uzito wake wote, kama mtu aliyetua mzigo baada ya njia ndefu.

Mzee Ndevu akachomoa kichuma kwenye mnyororo wake mwenyewe akakifunga kwenye wa dada. Mafuta yalibaki ya kuchovya mara moja. Anga lilikuwa limebakiwa na ukanda mwembamba wa bluu juu ya ukuta.

"Maduara yangu mawili bado nayadai," akasema. "Haya, kazi."

Dada akawasha. Sijawahi kumwona akicheza vile. Hakuwa anachunga kitu. Mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda wenyewe, mabonge yanavuma, naye ameinua uso na meno yote nje, anacheka peke yake ndani ya moto wake. Kando yangu Mzee Ndevu alikuwa ameliacha blanketi likiburuzika chini. Tukasimama hivyo mpaka miali ikawa mifupi, ikawa ya bluu, ikafa.

"Umepata?" dada akaniuliza, akihema.

Nikatazama kidole changu. Kilikuwa juu ya kitufe. Kilikuwa hapo muda wote.

"Sijabonyeza," nikasema.

"Wewe!"

"Nilikuwa nakuangalia."

Mzee Ndevu akajifunika uso kwa blanketi bichi. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. "Mpiga picha wa kujitolea," akasema kutoka humo ndani. "Basi kesho, jamani. Kesho saa hizihizi. Mimi nimeshaona."