Mfuko wa Matengenezo ya Ndege

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa ofisi ya Chama cha Wakulima na Wasafirishaji wa Miraa, Kianjai, na nakala yake ikafungwa kwa waya kwenye uzio wa kiwanja kidogo cha ndege kule chini karibu na Siakago. Lilisema: "Wanachama na umma kwa jumla wanaarifiwa kwamba kuanzia leo ni marufuku kuanika mahindi, ndengu au nguo juu ya bawa la kushoto la ndege ya Chama. Bawa la kulia litaendelea kutumika kama kawaida hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Kwa amri ya Mwenyekiti."

Cicily Nkirote alilisoma lote, ingawa alikuwa amefika pale kwa swali jingine. Alitaka kujua ni lini ndege hiyo ingeruka. Hati ya shamba lake ilikuwa benki, imewekwa rehani kwa ajili ya ndege, na benki ilikuwa imemwandikia kwamba mwaka ukiisha bila malipo shamba lingepigwa mnada. Karani alimweleza kwamba ofisi ilikuwa imeshughulika sana na tangazo.

Ndege yenyewe ilinunuliwa miaka miwili kabla ya hapo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Nairobi, ili ifikishe miraa ikiwa bado mbichi kwenye soko la ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa na injini mbili, na iliundwa kabla wengi wa wanachama hawajazaliwa. Jambo hilo halikumtia mtu wasiwasi. Katika milima ya Nyambene, mti wa miraa kadiri unavyozeeka ndivyo unavyoheshimiwa. Ile miti ya mababu, inayoitwa mbaine, ndiyo inayotoa miraa ya bei ya juu kuliko yote, na hakuna mwenye akili timamu anayeacha mbaine akanunua mche. Ujumbe uliotumwa kuikagua ndege uliizunguka, ukaipigapiga ubavuni, ukauliza umri wake, na ulipojibiwa wajumbe walitazamana kwa ridhaa. Muuzaji, aliyekuwa amejiandaa kupunguza bei kwa sababu ya uchakavu, aliipandisha.

Mtu mmoja tu alipinga katika mkutano wa kuidhinisha ununuzi. Alikuwa Hersi, msafirishaji wa Maua ambaye pikapu zake hukimbiza miraa hadi Nairobi kila alasiri, na ambaye ami yake aliwahi kumiliki ndege na kufilisika nayo.

"Bei mnayoongea ni ya kuingia mlangoni tu," alisema. "Injini mbili ni kila kitu mara mbili. Mafuta, propela, plagi, fundi. Na hizi injini zina masaa yake. Yakiisha, unafungua yote, nati kwa nati. Hiyo kazi ya injini moja peke yake inaweza kumeza bei ya ndege."

"Lakini si ziko mbili?" alijibu Thuranira, mwenyekiti wa Chama. "Moja ikikufa, nyingine iko. Hersi, wewe kwa pikapu yako unabeba gurudumu la spea. Hilo la spea unalipeleka kujazwa upepo kila siku?"

Watu walicheka, na baadhi yao wakapiga makofi. Cicily aliinua mkono akauliza ingekuwaje injini ikifa ndege ikiwa juu.

"Mama Bundi," mwenyekiti alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe, "wewe ni mtu wa kanisa. Unaletaje mambo ya vifo kwa mkutano wa maendeleo?"

Ikakubaliwa kwamba kila kibunda cha miraa kikatwe shilingi chache kwa ajili ya Mfuko wa Matengenezo, na kwamba matengenezo yenyewe yafanywe upande wa kushoto tu, kwa kuwa huko ndiko rubani huketi. Ilipofika zamu ya dhamana ya mkopo wa benki, ikabainika kwamba mashamba ya wanachama karibu yote yalikuwa bado yamesajiliwa kwa majina ya babu zao. Marehemu mumewe Cicily alikuwa amezunguka ofisi za ardhi hadi viatu vikaisha, kwa hiyo shamba lake ndilo lililokuwa na hati safi. Alitia sahihi. Msimu huo mzigo wake wa miraa ulikuwa umekaukia barabarani lori lilipokwama, ukakosa mnunuzi, akauchoma mwenyewe nyuma ya jiko, na hakutaka kuuchoma tena.

Ndege iliruka mara moja tu, kutoka Nairobi hadi Siakago. Muriithi, fundi wa ndege kutoka Embu, aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga.

"Hii haiendi mahali," alisema. "Injini zote mbili zimemaliza masaa. Leteni mfuko."

Mwenyekiti aliwahakikishia wanachama kwamba Mfuko ulikuwa salama. Alisema kweli. Ulikuwa na kuta za mawe ya kuchonga, madirisha ya alumini na ngazi ya ndani, na ulisimama kando ya barabara ya kwenda Maua, mahali ambapo kila mwanachama aliweza kuuona akipita. Makato ya kila kibunda yaliendelea, na ghorofa ya pili ikaanza.

Baada ya lile tangazo, siku fundi wa ujenzi alipopachika kigae chekundu cha mwisho cha paa, nyumba hiyo ya mwenyekiti iliruka.

Iliondoka wakati wa alasiri, saa ambayo ndege ya Chama ilipaswa kuondoka na mzigo. Tangi la maji la kushoto juu ya paa lilianza kunguruma, likafuatwa na la kulia, nyumba ikatetemeka, ikajinyanyua kutoka kwenye msingi na kuelekea mashariki. Ilirejea jioni kabla ya chakula. Siku za kwanza ilitua imeinama kidogo upande wa jikoni, lakini baada ya wiki moja ilikuwa imezoea. Wambeti, mke wa mwenyekiti, alijifunza kufunga sufuria kwa kamba na kutoanzisha githeri ya mahindi na maharagwe baada ya saa tisa. Majirani walilalamika kuhusu vumbi. Mchungaji alibadilisha saa ya mazoezi ya kwaya.

Muriithi alipanda kuja kuisikiliza. Alisimama chini yake ilipokuwa ikinguruma, akainamisha kichwa, kisha akatoa maoni yake kama fundi. "Hii imetunzwa vizuri sana," alisema. "Pande zote mbili."

Ng'ambo ya mpaka, katika soko lile lile ambalo ndege ilinunuliwa kulihudumia, dada yake Hersi aitwaye Barwaqo alikuwa akiuza miraa. Alipiga simu, na Hersi akaiweka kwenye spika ili Cicily naye asikie.

"Nyumba yenu imepita tena," Barwaqo alisema. "Imezunguka soko, imerudi. Haijashusha hata kibunda kimoja. Wateja wananiuliza, na mimi nawaambia nini? Nyumba imekuja kutusalimia?"

"Mwambie mwenye nyumba," alisema Hersi.

"Nimempungia mkono. Naye amenipungia."

Cicily hakucheka. Alijifunga leso na kwenda hadi kwenye ule msingi mtupu, akasubiri pembeni hadi nyumba ikatua. Thuranira alifungua mlango akiwa na kandambili.

"Mama Bundi! Karibu chai. Wambeti, letea mama kiti."

"Sijakuja chai, Mwenyekiti. Nyumba yako inaruka na pesa ya ndege."

"Inaruka, ndiyo," alisema mwenyekiti. "Hata mimi nimeona."

"Basi nakuomba kitu kidogo. Kesho ikienda, ibebe miraa. Sebuleni tu, siombi vyumba. Barwaqo yuko pale anangoja. Mizigo michache tu na benki inalipwa, na shamba langu linabaki."

Thuranira alitazama zulia lake. "Miraa inaacha majani," alisema. "Na sebule ni mahali pa familia. Wewe ungekubali watu wapange gunia juu ya kitanda chako?"

"Kitanda changu kinaenda na shamba."

"Hayo ni ya benki, mama. Usiyaingize kwa nyumba ya watu."

Cicily alirudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo alipeleka lalamiko lake kwa chifu, kwa afisa wa ushirika, kwa ofisi ya kaunti, na kila mahali alipofika alisikilizwa kwa heshima na kuelekezwa pengine. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba haziruki. Walimwuliza kama alikuwa na barua ya utangulizi.

Hatimaye alitumwa afisa wa usajili kutoka Nairobi, mtu mnyamavu mwenye futi ya kukunja. Aliipima ndege, akaipima nyumba, akaomba aone nyumba ikiruka. Iliruka, ikazunguka juu ya soko la Kianjai, ikatua bila kuvunja hata kikombe. Kisha kikao kiliitishwa uwanjani mbele ya ofisi ya Chama. Thuranira hakukana lolote. Aliwaeleza wanachama kwamba ni kweli Mfuko wote ulikuwa ndani ya nyumba, na kwamba laiti angeutia kwenye ndege chakavu, leo wasingekuwa na chombo chochote kinachoruka. Walioketi mbele walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alipendekeza apewe shukrani, na mwingine akaunga mkono.

Cicily alisimama. "Mimi nauliza shamba langu," alisema.

Alijibiwa kwamba jambo hilo lilikuwa limezingatiwa. Aliuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, limezingatiwaje, naye Hersi akapaza sauti kutoka nyuma, "Jibuni mama!" Afisa aliomba utulivu, akavaa miwani, akasoma uamuzi akiwa amesimama.

Nyumba ya Bwana Thuranira, kwa kuwa inaruka, imesajiliwa kama ndege binafsi ya injini mbili, isiyoruhusiwa kubeba mizigo ya biashara. Chombo kilichoko Siakago, kwa kuwa hakiruki na kimekaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha, kimesajiliwa kama jengo la kudumu. Makato ya kila kibunda yataendelea kutunza kile kinachoruka. Bi. Cicily Nkirote, ambaye shamba lake litauzwa kwa mujibu wa sheria, amepewa kibali cha kuishi katika jengo la Siakago, yeye na jamaa yake, kwa sharti kwamba asilihamishe, na kwamba gharama zote za matengenezo, upande wa kushoto na wa kulia, zitakuwa juu yake.