Fungu la Artemi

Vazi la rangi ya zafarani lilikuwa limetundikwa ukutani, upindo haujaisha, na sindano ya mfupa imechomekwa pale mwanangu Melita alipoishia uchungu ulipomshika. Tulikuwa tumeshamzika. Mtoto aliyemwacha, msichana, alilala kapuni karibu na jiko huku akinyonya kidole.

Mkwe wangu, mamake Euktemoni mumewe Melita, aliingia na kulitazama lile vazi kabla hajanitazama mimi.

"Pole tena, Mama Melita. Nimekuja kwa ajili ya nguo."

"Nguo gani?"

"Usinifanye mtoto. Mwanamke akifa uzazini, nguo zake ni za Artemi. Hii ipelekwe hekaluni kwake, Brauroni. Ndivyo tulivyokuta."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. "Kabla ya harusi Melita alimpelekea mkanda wake wa usichana. Akampelekea na mwanasesere wake. Mimba ilipoingia, tukachinja mbuzi. Artemi kapokea mkanda, kapokea mwanasesere, kala mbuzi, kisha kamchukua na mwenyewe. Leo anataka na nguo? Huyo ni mungu au mwizi?"

Mkwe alitema mate kifuani mwake kukinga balaa. "Chunga mdomo wako. Uzazi ni kazi yake."

"Na nani aliyempa? Poseidoni kapewa bahari, na humo ndimo anamolala. Hefesto kapewa uhunzi, mikono yake imeungua kama ya wahunzi wote. Uzazi wakamkabidhi mwanamwali anayekimbiza paa milimani, asiyejua hata kichefuchefu cha mimba. Melita kamwita mpaka sauti ikakauka. Alikuwa wapi? Mawindoni?"

Nilitaka abishe. Nilitaka mtu wa kugombana naye, maana Artemi hajibu. Lakini mkwe aliinama akamfunika mtoto vizuri, na sauti yake ikashuka.

"Euktemoni anaogopa, mwenzangu. Anasema nguo isipokwenda, hatamzungusha mtoto motoni."

Mtoto ambaye baba yake hakumbeba kuuzunguka moto wa Hestia, mungu wa jiko, si mtoto wa nyumba hiyo. Hutiwa chunguni na kuachwa kando ya barabara, na baba haulizwi na mtu. Hasira ilinipanda, lakini aliyeshikwa pabaya hana ubishi. Nililitungua vazi nikalikunja, sindano ikiwa humo humo.

Njiani kwenda Brauroni nilipitana na wanawake waliojifungua salama, wakitoka kutoa shukrani zao. Walikuwa wakicheka. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, na sikuona haya.

Ndani ya hekalu nguo za marehemu zilining'inia kwenye kamba hadi gizani kabisa, nyingine zimeliwa na nondo. Kumbe hivi ndivyo anavyozitunza. Kuhani, mwanamke mnene mwenye kikohozi, alinionyesha pa kuliweka langu, nikaliweka. Mikono yangu ilikataa kuliachia, nikailazimisha.

Nilipogeuka niliona rafu ya vitu vya wasichana, na juu yake mwanasesere wa udongo, mkono mmoja umefungwa uzi mwekundu. Uzi huo niliufunga mimi, Melita alipokuwa mdogo, siku aliyomwangusha akalia hadi akakataa kula. Kila mtu anajua hukumu ya anayeiba kitu cha mungu. Nilimtwaa nikamtia ndani ya shela.

"Umeacha nini?" kuhani aliuliza nyuma yangu.

"Vazi la mwanangu."

"Na umechukua nini?"

"Cha mwanangu."

Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa kidevu vazi moja lililochujuka pale kambani. "Lile ni la dada yangu," alisema, akachukua ufagio na kunipa mgongo.

Siku ya kumzungusha mtoto, Euktemoni alimpakata akauzunguka moto kwa hatua za haraka, macho yamemtoka kwa woga. Mkwe alikuwa akilia. Mtoto nilimfunga nguo mimi mwenyewe, na hakuna aliyejua kwa nini nilizikaza sana kifuani. Mwanasesere wa mamake alikuwa humo.

Artemi akimtaka, aje. Kwangu anapajua, alishafika.