Mkanda wa Mtasema

Mke wangu Sihaba alipokufa sikulia. Nilishuka kaburini nikampokea, nikatupa udongo mara tatu kwa viganja viwili kama wenzangu, nikanawa haraka, nikarudi nyumbani. Siku ya nne nilifungua kibanda changu cha kushona ngozi karibu na soko la Mwanza. Mama yake, Bi Mwanabaraka, niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja, alisema mbele ya wageni, "Seif ana moyo wa jiwe." Niliogopa kwamba huenda anasema kweli, kwamba miaka kumi na tisa nilikaa na mtu ambaye sikumpenda.

Ilikuwa Novemba ya mwaka sitini na moja. Mafundi cherehani wa baraza la jirani walikuwa wakishona bendera za Uhuru tangu asubuhi, huku wakiimba kwa sauti. Kwangu zilikuwa kelele tu. Wali nao ulikuwa kitu cha kutafuna.

Alhamisi akaja mzee Ndalahwa, mlinzi wa ghala la pamba, na mbwa wake. Mbwa aliitwa Mtasema, jina alilopewa kwa ajili ya majirani. Waya aliofungwa nao ulikuwa umemchuna shingo hadi nyama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mkubwa wa ghala amesema mbwa asiyefungwa atapigwa risasi Jumamosi. Na shingo hii haifungiki tena. Nishonee mkanda wa kifuani."

"Mimi Mwislamu, mzee. Huyo simgusi."

"Nitamshika mimi. Wewe sema tu."

Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi. Akampima kwa uzi kama nilivyomwelekeza, kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha mabegani. Nikakata ngozi laini, nikashona. Mkanda wa kwanza ulimkata makwapani, akachechemea. Nikausogeza nyuma, nikalegeza. Safari hii Mtasema alirudi kinyumenyume akauvua kama mtu anavyovua kanzu, akakaa kututazama.

"Vidole viwili vipite chini ya ngozi," nikamwambia mzee. "Visibanwe wala visielee."

Akanionyesha mkono wake. "Vyangu vimepinda, fundi. Havipiti popote."

Mkanda wa kubahatisha ungemchomoka, na Jumamosi risasi ingefuata. Wala sikuhisi huruma, nasema kweli. Niliona tu kazi mbovu, na kazi mbovu sijawahi kuitoa dukani kwangu. Nikapitisha vidole vyangu mwenyewe chini ya ngozi, kwenye ubavu wa mbwa. Palikuwa na joto, na moyo ukienda mbio. Nikakaza bizimu tundu moja. Mtasema akageuka, akanilamba mikono yote miwili hadi vifundoni.

Akatembea, akakaa, akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Mkanda ulitulia mahali pake.

"Amepona," alisema Ndalahwa, na akajifuta macho bila aibu. Nilimwonea wivu.

Nyumbani nilisimama uani, mikono nimeitenga na nguo. "Mama, nimwagie maji. Mbwa kanilamba."

Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Bi Mwanabaraka akachota udongo chini ya mpapai, akanitilia viganjani, akamwaga maji. "Moja."

Ulikuwa udongo wetu wenye changarawe, na mikono yangu iliutambua kabla yangu. Mara ya mwisho niliushika juu ya Sihaba, nikakimbilia kunawa. Nikausugua, nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, na majirani walisikia. Nilimlilia mke wangu, ambaye nilimpenda.

Mama mkwe hakuacha kuhesabu. "Mbili," akasema. "Tatu." Sauti yake ilianza kukwama kwenye tano.

"Saba."

Mikono ilikuwa safi. Nikabaki nimeinyoosha vilevile, siwezi kuishusha. Akanitazama kidogo, akachota udongo mwingine, akajaza kopo.

"Moja," akasema.